Kanga ya Tanga, Mtoto wa Kikwe

Leo nimeulizwa swali moja tu chumba cha upasuaji. Na halikutoka kwa daktari.

Ndio upasuaji wangu wa kwanza kuuona. Nimeambiwa nisimame ukutani, nisiguse kitu. Sawa.

Mama kapasuliwa, mtoto katoka, kalia. Muuguzi anamkausha huku ananyoosha mkono: "Kanga za mtoto ziko wapi?"

Hakuna. Mama kaletwa na bodaboda kutoka Kikwe, peke yake, mkoba umebaki nyumbani.

Nikatoka hadi kwenye korido ndefu ya hili jengo la enzi za Mjerumani. "Ndugu wa mama wa Kikwe?"
Benchi zima wakatikisa vichwa.

Nikakimbilia kabati langu. Mle nina kanga aliyonipa mama siku naondoka Tanga. Huwa natembea nayo, usiku najifunika hiyo. Safi, nimeifua juzi.

Mtoto akaviringishwa humo. Mama yake alichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo yuko macho. Akaiona kanga, uso ukamchanua.

"Nani kaja?"

"Ni yangu, mama. Mimi mwanafunzi."

Akaendelea kuutazama mlango nyuma yangu.

Niko hosteli sasa, nimejifunika koti.

Nyie mngemjibuje?