Mwezi wa Kushuka Ngazi za Banaras

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika miaka yangu ya mwanzo hapa Stockholm, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa tano, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipoumbuliwa na mama wa watu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Juzi uliniuliza ni majira gani yanayofaa kuzuru Banaras, ule mji mtakatifu wa Wahindu ulio kando ya mto Ganga, ukaongeza kwamba umesikia ni wakati wowote. Umesikia kwa nani? Nitakujibu, lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikisomea elimu ya maji na mito, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Harish, Mhindi wa Tanga niliyesoma naye utotoni, ambaye sasa alikuwa fundi katika karakana moja ya mitambo. Aliishi Hagsätra, mwisho wa reli, pamoja na mama yake mjane. Sote tulimwita Mama Harish. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga barabara, na mdomo wake haukumwogopa mtu.

Mumewe alipofariki, Mama aliweka nadhiri ya kwenda Banaras, mji ambao yeye aliuita Kashi, ashuke ngazi zake za mawe na kuoga katika mto Ganga. Ashuke kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kubebwa. Lakini magoti yalikuwa yakimsumbua, na daktari alikwisha kumwonya kwamba baada ya mwaka mmoja huenda ngazi zikamshinda kabisa. Harish naye alikuwa na nafasi moja tu ya likizo ndefu, na msimamizi wa karakana alimtaka aandike mwezi wake kabla ya mwisho wa Juni. Mwezi ukichaguliwa vibaya, nadhiri ingepotea.

Harish akaniuliza mimi, na kwa nini asiniulize? Si mimi niliyekuwa bingwa wa mito? Badala ya kusema sijui, nikamwuliza jirani yangu wa bweni, Lars, kijana wa Kiswidi aliyewahi kusafiri kwa barabara mpaka India.

“Januari,” alinijibu. “Hakuna mvua, hakuna jua kali, na baridi hakuna kabisa. Nililala nje bila blanketi.”

Nikalibeba neno hilo mpaka Hagsätra, nikalitoa kana kwamba nimelipima mwenyewe. Harish akashika kalamu aandike Januari. Mama akamzuia.

“Ngoja kwanza. Nani kasema? Mleteni nimwone.”

Basi Jumamosi hiyo nikamleta Lars. Jua liliwaka jeupe, lakini upepo ulipenya mpaka mifupani. Mama alitufungulia mlango akiwa amevaa sweta mbili juu ya sari, soksi nzito za sufu, na mtandio wa kufunika masikio. Lars alisimama kizingitini kwa shati la mikono mifupi na makubadhi, vidole vya miguu nje, akitabasamu. Mama akamtazama kuanzia kichwani akishuka polepole. Alipofika miguuni, macho yakabaki huko huko.

“Mwulize, haoni baridi?”

Nikamwuliza kwa Kiswidi. Lars akashangaa.

“Anasema leo ni joto, Mama.”

“Joto?” Mama akajishika kiuno. “Na huyu ndiye aliyekwambia Kashi hakuna baridi?”

“Ndiye, Mama.”

“Wee mwanangu! Chuo chote hicho unasoma, halafu baridi unakwenda kumwuliza mtu asiyeijua? Ulitaka niingie mtoni nigande kama samaki wa dukani? Na wewe Harish, weka kalamu hiyo chini!”

Harish alicheka mpaka akakaa sakafuni. “Bwana Mito,” akaniambia akifuta machozi, “leo umepatikana.” Lars, ambaye hakuelewa hata neno moja, alicheka kuliko sisi wote. Mama akamkaribisha chai ya tangawizi na chapati, kisha akamletea soksi. Akazivaa bila ubishi.

Tulipokwisha kunywa chai, Mama aliniambia kwa sauti ya chini: “Kukosea hakukuniudhi, mwanangu. Lililoniudhi ni kwamba ulisema kama mtu aliyeona. Ungesema, ‘nimesikia kwa Lars,’ ningejua nilipime vipi.”

Neno hilo sikupata kulisikia kwa mwalimu yeyote wa chuo.

Jumatatu nilikwenda maktaba. Vitabu vya hali ya hewa vilinionyesha kwamba usiku wa Januari kule una baridi ya kumtetemesha mtu wa Tanga. Lakini havikusema lolote juu ya ngazi. Kwa hiyo Mama akatoa maneno, Harish akaandika barua kwa mtunzaji wa nyumba ya mahujaji iliyo karibu na mto. Hakuulizwa majira yapi ni mazuri. Aliulizwa: mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, anayetaka kushuka mwenyewe mpaka majini, aje lini?

Jibu lilifika siku mbili kabla ya orodha ya likizo kufungwa. Kuanzia Aprili mpaka mvua zianze, mawe huunguza nyayo. Julai hadi Septemba mto hufurika ukazifunika ngazi, na mashua huzuiwa. Oktoba maji hushuka yakaacha tope la utelezi, ambalo huchukua wiki kadhaa kuoshwa. Sikukuu ya mwezi mpevu wa Novemba huleta umati usiopenyeka. Mwisho wa Desemba na Januari ni ukungu na baridi. “Subirini umati wa Novemba uondoke,” aliandika, “kisha mleteni mama.”

Harish akaandika Novemba.

Waliporudi Desemba, niliwapokea uwanja wa ndege wa Arlanda. Hata sikungoja wafike na mizigo. “Mama, ulishuka?”

“Mara mbili,” alisema. “Mara ya kwanza kwa ajili ya nadhiri. Ya pili kwa sababu ilinipendeza.”

Basi, mwanangu, jibu lako hili hapa. Ukitaka kuzuru tu na kutembea, nenda kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzo wa Machi, ukiiepuka Januari kama hupendi ukungu. Hata hivyo usilichukue hili kwangu. Mimi sijafika Banaras, nami nakueleza tulichoandikiwa miaka mingi iliyopita. Mwandikie anayeishi kule, umweleze wewe ni nani na unakwenda kufanya nini, kwa maana majira ya kumfaa kila mtu hayapo. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Ukiwa umelisikia tu, mtaje uliyemsikia.

Mungu akufikishe salama na akurudishe na furaha. Na popote utakapokosea, akujalie watu wa kukusahihisha mapema, na wakusahihishe wakicheka.