Madini ya Kuku

Wifi yangu ndiye aliyeiona kwanza miguu yangu ilivyojaa. Alikuja kuchukua mayai yake ya bure, akanitazama kutoka chini hadi juu, akapiga makofi.

"Wifi, umenenepa! Raha za kaka yangu hizo."

Nilikuwa na ndoo ya maji mkononi, nimeitua kila hatua chache njia nzima kutoka bombani. Ningekuwa na pumzi ningemjibu.

Tangu niolewe mimi ni mtu wa kuku. Nafagia mabanda, naosha vyombo vya maji, naokota mayai, nayafuta na kuyapanga kwenye trei. Mume wangu, ambaye majirani humwita Jogoo kwa kuwika kwake, kazi yake ni kupokea wateja. Nyumbani kwake yai ni bidhaa. Likipasuka anakaangiwa yeye. Samaki au nyama ikipatikana, anakula yeye, kisha watoto, mimi nakwangua sufuria. Watoto walipoondoka nikadhani zamu yangu imefika. Wapi! Nikaendelea na ukoko na majani ya kuchemsha.

Kuku hakuwabania. Aliwanunulia unga wa madini kwenye kopo, akawapimia mwenyewe kwa kijiko, akisawazisha kwa kidole ili asipunjike hata mmoja.

Basi nikawa siwezi kulala. Nikijinyoosha, kifua kinajaa. Nakaa kitini, nainuka, naenda dirishani, narudi. Moyo unapapatika kama kuku aliyefungiwa kwenye gunia.

"Kazi za mchana unazikimbia, usiku unazurura kama mlinzi," alisema Jogoo, akahamia chumba kingine.

Asubuhi moja nikaanguka na trei. Nikamsikia akipiga kelele, "Mayai yangu!" Aliyenifikisha hospitali ni jirani yetu, fundi baiskeli, kwa mkokoteni wake.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Alinipima kwa mashine, akasema moyo umetanuka na unasukuma damu kwa udhaifu, ndiyo maana maji yamejaa miguuni na kwenye mapafu. Akauliza mengi, mwisho akauliza ninakula nini. Sikuwahi kuulizwa hilo na mtu. Nikamweleza, akanitoa damu.

Majibu yalipotoka Jogoo alikuwepo.

"Mama, umepungukiwa sana na madini yanayoitwa seleniamu," daktari alisema. "Moyo ni msuli, nao unayahitaji. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu peke yake, lakini nyingine tumeitafuta hatujaiona. Tutakupa vidonge vyake pamoja na dawa za moyo. Na ule samaki, nyama, mayai."

Jogoo akachangamka. "Seleniamu? Naijua! Imo kwenye unga wa kuku wangu. Kopo lipo nyumbani, akoroge tu anywe."

"Baba, ule ni wa kuku. Unataka mama atage?"

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakiona kile kidole kikisawazisha kijiko.

"Nitapona?" niliuliza.

"Moyo unaweza kurudisha nguvu. Kwa kiasi gani, hatujui bado. Lakini ukirudia ukoko, mama, mimi sikuahidi kitu."

Niliporudi nyumbani, Jogoo alikuwa ananingoja na trei tupu. Nikaokota mayai polepole, nikisimama kila kona ya banda. Mawili makubwa, bado ya moto, nikayatia sufuriani.

"Hayo ni ya mteja," alisema.

"Atangoja."

"Umeanza jeuri za hospitali?"

"Ukitaka nifagie kesho, niache nile leo. La sivyo ufagio ule pale."

Akautazama ufagio. Hajawahi kuushika. Nikala nimesimama, chumvi kiganjani, naye mlangoni akifuata kila tonge kwa macho.

Sasa mifupa ya miguu inaonekana tena. Kliniki wanasema moyo umepata nguvu kidogo, haujafika wanapotaka. Usiku bado nainuka, nazunguka nyumba, narudi kitini. Jogoo anawaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyegundua dawa yangu. Mwacheni awike. Sijamsamehe. Akija kuchukua trei ananikuta namenya yai, na maganda namwachia mezani ayatupe mwenyewe.