Kufuli kwenye makala yangu ya maharagi

Leo maharagi imeniaibisha mbele ya chuo kizima.

Tulikuwa tunapanga jarida letu la mtandaoni, hapa Kitshanga. Nikapaza sauti: feza hatuna, lakini kila muntu atasoma bure!

Mama Furaha, mkulima wa Nyabiondo aliyenipa shamba lake misimu minne kwa utafiti wa maharagi, akasema:
«Papa Prof, tufungulie kwanza ile makala yako ya maharagi.»

Nikafungua simu. Ikaandika: «Lipa kwanza ndipo usome.»

(Jarida la wazi, lile linalosomwa bure, lilinidai mshahara wa miezi mitatu ili kuichapisha. Nikapeleka kwa lililofungwa, ambalo msomaji ndiye analipa.)

«Kumbe maharagi iko yangu, kufuli iko yako?»

Wakacheka. Nikatafuta nakala yangu mwenyewe, nikamsomea hitimisho: «Wakulima hawafikiwi na matokeo ya utafiti.»

Miaka miwili nakala hiyo ilikuwa kwenye simu hii hii, na sikumutumia.

Municheke tu.