Spiriti ya Mjomba Nayo Hupimwa

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali kule Myanga, mjomba wangu akitikisa chupa mbele ya macho yangu kabla sijamwomba kitu. Mwanangu, mtu anayekuonyesha usichouliza, msikilize kwa sikio moja, na lile jingine liache litafute sababu.

Wakati huo wazazi wetu walikuwa wamefariki. Mimi, kifungua mimba, niliacha shule nikaenda Kitale kujifunza ufundi wa injini kwa Mzee Ndiwa, mtu wa kabila la Wasabaoti, wa maneno machache, ili wadogo zangu wale na wasome. Mteja wetu mkubwa alikuwa Njoroge, mkulima wa mahindi aliyependa mashindano ya magari kama wengine wanavyopenda harusi. Alikuwa amesikia kwamba petroli ikichanganywa na spiriti ya miwa injini hupata nguvu. Ni kweli, ila injini hiyo hutaka kunywa zaidi. Nikapanua matundu ya kabureta, nikafanya plagi ziwake mapema kidogo, nikaondoa mipira inayolainishwa na spiriti. Kwa spiriti kidogo tuliyokuwa nayo, gari likanguruma hadi majirani wakatoka nje. Ikabaki kupata ya kutosha siku ya mashindano, na mjomba akasema anayo.

Kwetu Bukusu mjomba ni khocha, na khocha hahojiwi. Tena Agosti ile mdogo wangu Simiyu alikuwa anatahiriwa. Bila nyama ya kidari cha ng'ombe wa mjomba, ambayo mjomba humvisha kijana shingoni, angekiendea kisu kama mtu asiye na kwao.

"Ona mwenyewe, mpwa wangu!" akasema siku ile, akitikisa chupa aliyochanganyia. "Si petroli na spiriti zimeshikana? Safi kama maji ya kisima."

"Nimeona, khocha."

"Basi beba. Ama unataka kunipima kama muuza maziwa?"

Tulicheka, lakini changu kilikuwa kicheko cha meno tu. Ile chupa ilikuwa ya moto mkononi. Ilikuwa imeanikwa juani kabla sijafika, na sikujua kwa nini. Nikabeba mitungi ya spiriti nikaondoka.

Kitale, Mzee Ndiwa aliitazama mitungi bila kuigusa. "Umepima?"

"Mjomba alipima nikiona, juani kwake."

"Alipima spiriti yake, kwa chupa yake, kwa jua lake. Wewe ulipima nini?"

"Mzee, yule ni khocha. Simiyu anamtegemea."

"Na Njoroge anamtegemea nani?" Akafuta mikono kwa kitambaa. "Kupima si kutukana, kijana. Anayekasirikia kipimo, huyo ndiye wa kupimwa mara mbili."

Asubuhi, baridi ya Kitale ikiuma vidole, nilichanganya petroli na ile spiriti katika chupa nyeupe, nikaiacha dirishani. Ikachafuka kama maji ya kuoshea mchele, kisha ikagawanyika: petroli juu, spiriti iliyotiwa maji chini. Kumbe joto huficha maji, baridi huyafichua. Na bomba la tangi hunyonya kutoka chini. Nilimwona Njoroge akilini, yuko kwenye mteremko, anaingia kona kwa kasi, na injini inazima.

Nililala kwa shangazi kule Webuye ili nifike Myanga kabla jua halijapanda na joto kuyaficha maji tena. Chupa niliifunga kwa gazeti. Nikangoja wageni wa mjomba waondoke, ndipo nikaiweka mezani.

"Ati umenipima?"

"Nimepima spiriti, khocha. Wewe siwezi kukupima."

"Na Simiyu utamtahirisha kwa ng'ombe wa nani?"

"Tutatafuta. Njoroge ana watoto, na mimi najua mtoto asiye na baba hulalaje."

Aliifunika chupa kwa lile gazeti. Akasema naye aliuziwa hivyo. Labda. Lakini basi, nani aliianika chupa ile juani? Sikuuliza, na mpaka leo, ingawa amelala kaburini, shaka hiyo bado naishi nayo.

Nikairudisha kabureta ilivyokuwa. Njoroge alikimbia kwa petroli tupu, akamaliza karibu wa mwisho, akanilaumu soko zima likisikia: "Bana, umenipa gari la kubebea kabichi!" Nikainamisha kichwa, nisimtaje khocha. Aliyekuwa akinitukana alikuwa hai.

Agosti ilipofika nilikaa nikitazama njia. Mjomba alikuja jioni, amechelewa. Akachinja ng'ombe, akamvisha Simiyu kidari, na kwa ule ukali ambao wajomba wameruhusiwa siku hiyo akamwambia mbele ya watu: "Kaka yako hata mimi alinitilia shaka, akaja kuniambia usoni. Wewe ukitetemeka kesho, usiseme umetoka nyumba moja na yeye!" Mimi hakunitazama. Kesho yake, mbele ya kisu, Simiyu hakutetemeka.

Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakusema ki nguoni mwa jirani. Usimwite mtu mwizi kwa sababu ya shaka, wala usiimeze shaka kwa sababu ya undugu. Mpe mtu heshima yake, na kitu chake ukipime mwenyewe, mahali kitakapotumika, si mahali alipokuchagulia. Ukikuta kasoro, mwendee faraghani.

Mola akupe jicho lisilosinzia na ulimi usiochoma. Na kila atakayesafiri kwa kazi ya mikono yako, amfikishe kwa watoto wake salama.