Siku Kumi na Tisa Zisizopimwa

Ukiteremka kutoka sokoni Mbulu mjini, kwa njia ile wanayopita akina mama wa vitunguu swaumu, utaufikia mto. Hapo kando kuna bamba la chuma limesimama majini, limechorwa namba kama rula ya shule. Watu wa mtaa wanaliita rula tu. Marieta ameisoma rula hiyo kwa miaka ishirini na tatu. Saa tatu asubuhi anashuka, saa tisa alasiri anashuka tena. Anatazama maji yameishia namba gani, anaandika kwenye daftari la ofisi ya maji, anapanda kwake. Mvua inyeshe, baridi ya mwezi wa saba ikate masikio, anashuka. Siku ya arusi ya mdogo wake aliondoka kwenye sherehe na gauni lake na mabuti ya mvua, akapima, akarudi kabla keki haijakatwa.

Nawaambia haya mapema ili mjue jina lake lilikuwa na uzito gani pale mtaani. Watu wakibishana kuhusu mpaka wa shamba au siku aliyozaliwa ndama, kuna atakayesema, "Muulizeni Mama Jenifa, yule hasemi kisichopimwa."

Sasa mwaka jana ukaja mradi wa uwanja wa muziki. Jukwaa la zege kando ya maji, na mbele yake ngazi za mawe zinazopanda mteremko, watu elfu mbili wakae waangalie kwaya, ngoma na bendi za vijana. Mji ulifurahi. Kwaya zetu mnazijua, zinaimba vizuri kuliko mahali zinapoimbia, maana mara nyingi ni uwanja wa mpira, mbuzi wakipita katikati ya sauti ya tatu. Jenifa, binti wa Marieta, alikuwa mwalimu wa kwaya ya vijana, na kwaya yake ndiyo iliyochaguliwa kufungua.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa injinia kijana, Maximilian, mpole, mwenye kofia nyeupe. Kabla ya kuchora chochote aliuliza swali moja la maana: mto huu umewahi kupanda mpaka wapi? Akapewa madaftari ya Marieta. Katika miaka yote ile, namba kubwa kuliko zote ilikuwa mita moja na sentimita themanini na sita. Basi sakafu ya jukwaa akaiweka mita mbili na arobaini.

"Nimeongeza zaidi ya nusu mita, mama," alimwambia Marieta. "Watu wataimba miguu ikiwa mikavu."

Marieta aliitikia kwa kichwa. Usiku ule hakula.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku mbili zege la jukwaa limwagwe, alipita mzee Gidahosh, mfugaji wa Kidatoga kutoka Gehandu kule Hanang, akiswaga ng'ombe kumi na mmoja kwenda mnadani. Kivuko cha ng'ombe kilikuwa pale pale penye ujenzi. Akasimama, akaegemea fimbo yake, akatazama nondo zilizosukwa.

"Hapa mnajenga nini?"

"Jukwaa, mzee," fundi mmoja akamjibu. "Watu watasimama hapo waimbe."

"Wataimba wakiwa samaki?"

Mafundi walicheka. Mzee hakucheka. Akanyoosha fimbo kwenye jiwe kubwa la kijivu, juu kabisa kwenye mteremko, ambapo mafundi walikuwa wameanika makoti yao. "Mwaka ule wa maji mengi nilisimama juu ya jiwe lile. Ndama begani. Maji yalikuwa kwenye magoti yangu."

Maximilian alikuwa amesogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, mto huu unapimwa kila siku, asubuhi na alasiri. Aliyepima ni huyu mama hapa." Akamgeukia Marieta, ambaye alikuwa ametoka kusoma rula. "Mama, mwaka ule maji yalifika jiwe lile?"

Watu wote wakamtazama yeye. Marieta alilishika daftari kwa mikono miwili.

"Daftari linasema moja na themanini na sita," akasema.

"Umesikia, mzee?"

Gidahosh akamgeukia Marieta. "Daftari limesema. Na wewe?"

Marieta akalifunga daftari. Mzee akawapigia ng'ombe wake mluzi, akaenda zake.

Sasa niwaeleze alichokuwa anakificha, maana hakuna mwingine aliyekijua nje ya nyumba yake. Miaka kumi na saba iliyopita, katika masika ile ile, Marieta alifiwa na mtoto mchanga wa siku nne. Na kwa Wairaqw wa zamani, watu wa kabila lao, nyumba iliyofiwa na kichanga inatengwa. Inaitwa metimani. Hamsalimiani na watu kwa mkono, ng'ombe wenu hawachungwi na wa wenzenu, na zaidi ya yote hamgusi maji ya watu wote. Majirani wanakuleteeni maji, wanayaacha mpakani. Zamani ilikuwa miezi mingi. Mama mkwe wake, Bibi Getruda, akaifupisha na kuifanya ya siri: mpaka mwezi mpya uonekane, na maji wakinge ya mvua. Ikawa siku kumi na tisa.

Marieta angeweza kuiambia ofisi. Lakini mumewe, Basili, alikuwa katekista. Kila Jumapili alisimama mbele ya watu akiwaambia waache kutenga waliofiwa, maana mfiwa anahitaji mkono, hahitaji mpaka. Ingekuwaje ikijulikana kwamba ndani ya nyumba yake yeye mwenyewe mama yake amechora mpaka, naye ameukubali? Kwa hiyo Marieta alikaa mezani, akausikiliza mto ukinguruma kule bondeni, akaandika namba kwa kukisia. Asubuhi na alasiri, siku kumi na tisa, namba thelathini na nane. Alipoachiwa kushuka alikuta kipande cha juu cha rula kimeng'olewa. Akaripoti kwamba kimepigwa na gogo. Wakaleta kingine. Mambo yakaisha, au ndivyo alivyodhani.

Jumanne ile jioni alimwambia mumewe maneno ya Gidahosh. Basili aliweka kikombe chini.

"Ukiwaambia hukupima, watakuuliza kwa nini. Utajibu nini?"

"Nitajibu kilichokuwepo."

"Mama Jenifa, miaka yote hii nasimama mbele ya watu nikiwaambia waache mambo hayo."

"Najua. Huwa nimekaa benchi la pili."

Bibi Getruda alikuwa mekoni anaota moto. Macho yake yamefifia, lakini masikio yake hayajambo. "Mnaninong'ona mimi?"

"Hapana, mama," Basili akasema.

"Mnaninong'ona. Niliwafungia kwa sababu ng'ombe mmoja tu wa jirani angekufa, sisi ndio tungelaumiwa. Ningefanya tena." Akasogeza kuni. "Lakini sikuuambia mto ukae chini. Huo ulipanda. Niliusikia mpaka kitandani."

Jumatano Marieta alishuka akiwa ameshapanga maneno. Akamkuta injinia anaongea na simu, akasubiri, injinia akampungia mkono kwa uchangamfu, akaendelea na simu. Marieta akasoma rula, akapanda. Saa tisa alishuka tena. Injinia alikuwa ameenda kufuata saruji. Nawaambia kweli, moyoni alishukuru, na kwa kushukuru huko akajichukia. Njiani alikutana na Jenifa anatoka mazoezini.

"Mama, tumepimiwa pa kusimama," Jenifa akamwambia. "Sauti ya kwanza tutakuwa mbele kabisa, maji yako hapo chini yetu. Itapendeza."

Alhamisi saa mbili asubuhi mashine ya kuchanganya zege iliwashwa. Marieta aliisikia akiwa nyumbani, akatoka bila kumaliza chai. Hakuchukua daftari la mwaka huu. Alichukua la mwaka ule wa maji mengi, la jalada la bluu, alilorudishiwa na injinia. Basili alimwona akipita mlangoni nalo. Hakumzuia, ila hakunyanyuka.

Alipofika, mikokoteni sita ya zege ilikuwa imejipanga kwenye mbao, na fundi wa kwanza alikuwa ameinua mishikio.

"Injinia, naomba usimwage."

Maximilian alidhani amesikia vibaya kwa kelele za mashine. "Mama?"

"Usimwage. Namba za mwaka ule si za kweli. Sikupima. Niliziandika nyumbani."

Mafundi waliokuwa karibu waliacha walichokuwa wanafanya. Mashine ikaendelea kuzunguka.

"Mama, zege halilali," Maximilian akasema taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Nina watu arobaini hapa. Unaniambia leo?"

"Nilitakiwa kukuambia siku uliyoniomba madaftari."

"Mama kapewa ndama," fundi mmoja akasema nyuma. "Wafugaji wanataka kivuko chao." Mwenzake akadakia, "Ndama mmoja? Kwa kazi hii angedai jike lenye mimba." Watu wakacheka, na kicheko kile, kwa mwanamke ambaye miaka yote alikuwa mwamuzi wao, kilimwingia kama baridi.

Maximilian hakucheka. Lakini swali hilo hilo lilikuwa usoni mwake. "Mama, nitajuaje kwamba namba za mwanzo ndizo za uongo, na si maneno ya leo?"

Marieta alimfungulia daftari. "Tazama karatasi, usitazame namba."

Injinia alitazama. Kurasa za mwezi uliotangulia zilikuwa na matone ya mvua yaliyotawanya wino, alama ya kidole gumba chenye tope, herufi zilizopinda kwa baridi. Kurasa za mwezi uliofuata vilevile. Lakini hapo katikati, katika masika kubwa kuliko zote, zilikuwepo kurasa safi. Hakuna tone. Mwandiko umenyooka kama wa mwanafunzi anayenakili ubaoni. Na namba zilipanda kwa adabu, mbili, mbili, mbili, mpaka themanini na sita, kisha zikashuka vilevile kwa mbili. Maji hayaendi hivyo. Injinia alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Kwa nini?" akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Marieta alifungua mdomo, na sauti iliyosikika haikuwa yake.

"Kwa sababu nyumba yangu ilikuwa kwenye metimani." Alikuwa Basili, amesimama kwenye ngazi ya juu, na shati lake la kanisani. "Tulifiwa na mtoto. Mama yangu akatuzuia maji, nami nikakubali, kwa kuogopa watu. Mke wangu alificha kwa ajili yangu. Leo jioni nitamweleza paroko mwenyewe. Nimeona nianze na ninyi."

Hakuna aliyecheka tena. Wengi wao walikuwa wamefundishwa na huyo huyo katekisimu ya kipaimara.

Maximilian aliinua mkono, na mashine ikazimwa. Simu zikapigwa. Mzee Gidahosh alikuwa bado mjini, hajauza ng'ombe wawili. Alikuja, akapanda juu ya jiwe la kijivu, akaonyesha mahali alipoweka miguu, akasugua goti lake kwa kiganja: hapa. Vijana wa vipimo wakasimamisha chombo chao. Wakapima mara ya kwanza, wakapima mara ya pili, maana injinia hakutaka kuamini. Mita nne na sentimita kumi. Juu ya sakafu ya jukwaa kwa mita moja na sabini. Mtu mzima aliyesimama pale kuimba angezama mpaka kwenye nywele.

"Sikusema uongo," Gidahosh akasema.

"Hapana, mzee. Nisamehe."

"Yule ndama nilimwokoa. Alikuja kuzaa mara saba." Akashuka, akarudi mnadani.

Zege lililokuwa limeshachanganywa lilimwagwa kwenye njia ya kwenda chooni, ndiyo maana njia hiyo leo ni imara kuliko barabara ya mjini. Jukwaa lilihamishiwa juu, karibu na barabara, na ngazi zikageuzwa zitazame huko. Chini kando ya maji pakaachwa nyasi, na kivuko cha ng'ombe kikabaki. Ufunguzi ulichelewa miezi mitano. Wapo waliomnunia Marieta kwa vibarua walivyopoteza, na mpaka leo kuna mama mmoja wa sokoni haitikii salamu yake. Basili alisimamishwa ukatekista miezi mitatu, akakaa benchi la pili na mkewe.

Lakini kabla ya hayo yote, Ijumaa ile, Maximilian alimwita Marieta kwenye kibanda cha ujenzi. Ofisi ya maji ilikuwa haijaamua kama ataendelea au ataachishwa. Ilichotaka kwanza ni daftari lirekebishwe kwa mkono wake: kila namba ikatwe kwa mstari mwekundu, iandikwe "haikupimwa", na pembeni iandikwe sababu.

Alianza saa nane mchana. Alikata, akaandika haikupimwa, haikupimwa, mara thelathini na nane. Kisha akarudi mwanzo kwenye safu ya sababu, kalamu ikasimama.

"Andika tu msiba, mama," Maximilian akasema. "Inatosha."

Marieta alifikiri. Kisha akaandika, polepole, herufi zikiwa kubwa kuliko safu, zikavuka mstari na kuingia upande wa pili. Alipomaliza akaligeuza daftari ili injinia asome. Iliandikwa: Mtoto wetu Yohanes alikufa.

"Alikuwa ameshapewa jina?"

"Baba yake alimbatiza, na maji ya kwenye kikombe. Alikuwa anakata roho." Marieta alifunika kalamu. "Hajawahi kuandikwa mahali popote."

Injinia aliitafuta kalamu yake mwenyewe, akaweka sahihi chini ya ukurasa, na tarehe. Nje, saa ilikuwa inakaribia tisa. Hakuna aliyemwambia aende wala asiende. Marieta akavaa mabuti, akachukua daftari la mwaka huu, akateremka mtoni.