Chai ya Kopo Namba Saba

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, nilipomkaribisha mgeni chai ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafunika uso, hata nikiwa peke yangu.

Mimi nafuga kamba wa maji baridi kwenye matangi mawili nyuma ya nyumba, hapa Isiolo (ndiyo, Isiolo ya ngamia, chekeni mmalize). Tangi moja nalilisha chakula kitupu, la pili nachanganya tangawizi na kitunguu saumu, nijue ni wapi chakula kinasagika vizuri tumboni, na njia ya kujua ni kuchunguza kinachotoka, kwa hiyo kila asubuhi nafyonza kinyesi chao kwa mpira, nakianika, nakisaga, nakitia koponi kungoja maabara. Nilikuwa nimesoma kwamba sampuli huandikwa namba tu, bila jina, ili mpimaji asipendelee upande. Nikaandika namba, nikayapanga makopo jikoni kwa sababu ndiko kukavu.

Siku hiyo alikuja Mama Kendi, mwenye hoteli karibu na stendi, kuamua kama atachukua kilo mbili kila wiki. Mke wangu, Naomi, akapika chai. Mgeni akaisifu, nami nikaomba kikombe cha pili (cha pili, jamani) huku nikimweleza kwa kirefu faida za tangawizi.

"Baba Mutwiri, hii masala mnatoa wapi? Nipimieni kidogo, wateja wangu waionje."

Naomi akaleta kopo kwa furaha. Namba saba. Mama Kendi alishaanza kukunja karatasi. Ningeweza kunyamaza nikauza kamba wangu, lakini nikawaona wateja wake Jumatatu asubuhi, wamejipanga wakipuliza vikombe, nikasema, "Mama, weka chini. Hayo ni mavi ya kamba."

Akatazama kikombe chake, kisha changu.

"Na wewe umekunywa viwili?"

"Viwili."

Alicheka mpaka akashika meza. Naomi hakucheka, alikuwa nje, anasukutua mdomo. Mama Kendi alipopata pumzi alisema kamba atachukua, maana mtu anayejianika hivyo mbele ya mteja hatamuuzia kitu kilichooza, ila kilo mbili za kwanza ni za bure, na chai atakuwa anakunywa kwake.

Sasa kila kopo lina jina kamili, kwa herufi kubwa, na haliingii tena jikoni. Hasara yote: shilingi elfu tatu na mia sita.