Kipande cha Mwisho Juu ya Paa

Wanafunzi wa chuo waliomba paa la jengo ninalolisimamia Kariakoo, wapige video ya bendi changa ya mtaani. Niliwaruhusu, nikapanda nao. Kipande cha mwisho walikipanga kwa mwanga mwekundu wa machweo, na kamera ya kuazima ilitakiwa kurudishwa asubuhi. Spika iliwasumbua, wakachelewa. Walipokuwa tayari, adhana ya magharibi ikaanza. Mwimbaji akazima spika.

"Dada, mwanga unatuacha!" mwongozaji akalalamika.

"Uende tu. Bibi yangu anakaa ghorofa ya chini hapo. Akinisikia naimba saa hizi, leo nalala ngazini."

Wenzake wakacheka, kisha wakanyamaza. Walisimama na magitaa yao wakitazama upande wa mwanga, huku chini wachuuzi wakikunja maturubai. Mpiga picha hakuizima kamera.

Adhana ilipokwisha, ule mwanga mwekundu ulikuwa umefifia. Mwongozaji aliketi kando ya tangi la maji, amenuna. Mpiga picha akamwonyesha alichorekodi. Alikitazama, akakirudia.

"Wimbo uishie kabla ya hapa," akasema. "Hapa pabaki kimya."

Ndivyo video inavyoisha: magitaa yametulia, na wao wanasubiri.